Nilizima Redio Walipotaja Katavi

Mjukuu wangu alikuwa na mtumbwi wa tanga kule Karema, akibeba mahindi na dagaa kwenda Ikola. Kule ufukweni mwa ziwa redio inakoroma tu, haisemi. Kwa hiyo kila asubuhi alinipigia simu mimi huku Majengo, Mpanda.

"Mke wangu, leo tunatoka?" Ndivyo tulivyoitana, bibi na mjukuu.

Nami namjibu kama mkuu wa bandari: "Toka," au "Lala." Nilijivuna jamani! Shule niliishia la pili, lakini lile tanga halikupanda bila neno langu.

Kosa langu ni hili, na silipambi. Utabiri wa hali ya hewa wanasoma mikoa kwanza. Wakishataja Katavi, mkoa wetu, mimi nazima, betri zisiishe. Maziwa wanayasoma mwisho kabisa. Mimi nilijua Katavi ni Katavi, na ziwa lake limo humo humo.

Siku hiyo wakasema Katavi jua, upepo kidogo. Nikamwambia, "Toka mume wangu, uniletee migebuka ya kukaanga." Akatoka na shemeji yake, kaka wa mkewe.

Upepo wa kusini uliwakuta katikati ya safari. Tanga likapasuka, mtumbwi ukapinduka. Mjukuu wangu alishikilia ubao mpaka wavuvi wakamwokota. Shemeji yake alichoka, akaachia. Walimpata siku ya tatu.

Nikaenda msibani. Tumeshazika, tumekaa kusubiri chakula, mzee mmoja niliyetoka naye Mpanda akasema kwa sauti, "Hawa vijana nao! Si redio ilitoa onyo, ziwa lina mawimbi makubwa, vyombo vidogo visitoke?"

Mjukuu wangu alikuwa ananawisha watu mikono. Akatua birika.

"Bibi, ulisikiliza mpaka mwisho?" Hakusema mke wangu.

"Mpaka mwisho," nikasema, mbele ya watu wote. Ulimi haukutetemeka hata kidogo.

Mama wa marehemu alikuwa kwenye mkeka mmoja na mimi. Akanishika goti. "Basi mama, usijilaumu. Hizo redio nazo zinadanganya."

Halafu akanisogezea ugali wake, mwanamke aliyemfukia mtoto asubuhi ile ile. Nikala. Mjukuu wangu alisimama pale pale, akinitazama tonge kwa tonge.