Kamera Ndani ya Sweta

Kazadi alikuwa mpiga picha wa njia ya reli, na kusema kweli alijisifu kupita kiasi. Miaka kumi na tisa alizunguka Kolwezi, Mutoshi na Tenke akipiga picha za harusi na komunyo, akiwa na kamera moja, lenzi moja, na filamu nne ndani ya kopo la maziwa ya unga. Wenzake waliobeba mataa aliwacheka waziwazi: "Bale banahama, mi natembea."

Kwa hiyo mwaka 1993, Wakasai, watu wenye asili ya Kasai kama yeye, walipoambiwa waondoke Kolwezi, hakutapatapa. Majirani walifungasha vitanda na milango; yeye alimaliza kabla chai haijapoa. Alizaliwa hapo hapo Kolwezi, Kasai hakuwahi kuikanyaga, lakini waliomfukuza hawakuuliza hayo. Mfuko wa ngozi wa kamera aliutupa jalalani, maana ungewaita wezi kutoka mbali.

"Tuitie mu bunga," alisema mkewe, Godelieve, akionyesha gunia la unga. "Habatatia mukono mule."

"Bunga itaua lenzi, mama. Leta pullover ya mutoto."

Akaifunga kamera katika sweta, sweta katika mashuka, mashuka katika beseni. Ikichukuliwa, huko ugenini watakula nini? Godelieve aliogopa, akalifunga beseni kwa kamba mara mbili. Kazadi alipiga mluzi.

Stesheni, wanaume wenye marungu walikuwa wakipekua kila mzigo. Aliyewapekua wao alikuwa Kalenga, fundi wa baiskeli, ambaye Kazadi ndiye aliyempiga picha za harusi.

"Fungula, tata Kazadi," akasema Kalenga, akimwita baba kama zamani.

Kalenga akavuta sweta, kamera ikachomoza. Godelieve akashika kifua. Kazadi akaiokota kama mtu aliye kazini, akatoa kifuniko cha lenzi.

"Geuka kidogo, jua iko nyuma yako. Funga kifungo ya shati. Ile fimbo weka chini, inaharibu foto."

Kalenga akafunga kifungo. Akaweka rungu chini. Kamera ikalia kacha!

"Foto itatoka siku gani, tata?"

"Siku ya ine," Kazadi akajibu bila kufikiri; Alhamisi ndiyo siku aliyowaambia wateja wake wote.

"Bon. Siku ya ine nitapita kwako."

Kazadi akarudisha kifuniko cha lenzi, akaiviringisha kamera katika sweta. Kwa Kazadi hapakuwa tena na mlango wa kubisha, na Kalenga alilijua hilo, kwani alikuwapo wenzake walipoung'oa. Aliona haya, tena haya kubwa. Akainama, akalifunga beseni kwa mikono yake mwenyewe, akamtwika Godelieve, akawapisha.

Filamu ile Kazadi aliisafisha miezi mitatu baadaye, Mwene-Ditu huko Kasai, katika chumba cha kupanga ambacho tayari alikuwa amekiandika STUDIO kwa herufi kubwa. Picha ilitoka safi kabisa. Akaandika nyuma yake "Kalenga, Kolwezi", akaiweka pamoja na picha ambazo wenyewe hawajaja kuzichukua.