Dumu Lililotaka Jua

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya sabuni ya mche hunikosesha raha mpaka leo. Watu hudhani nachefukwa, nami huwaacha wadhani hivyo. Ukweli ni kwamba naona aibu, na aibu yenyewe nimekaa nayo tangu nina miaka kumi, kule kwetu Tandika, miaka ile ya ruksa, mitumba ilipoanza kujaa sokoni na kila mwenye gari bovu akajiona mfanyabiashara.

Baba alikuwa mmoja wao. Alinunua lori kuukuu la petroli, la rangi ya kijani iliyopauka, akawa anawabebea mchanga watu waliokuwa wakijenga Mbagala. Lilikohoa lile lori kuliko babu yetu. Mtaa mzima ulijua Baba anarudi kabla hajakata kona, na moshi ukatangulia kuingia jikoni kwa mama. Fundi wake alikuwa Mjomba Seif, mdogo wake mama, aliyelala chumba cha uani na aliyejifunza kazi kwa kuwashikia wengine spana. Baba alimwamini nusunusu. Alimwambia kwamba lori likitulia, atamsaidia kufungua gereji yake mwenyewe pale barabarani, na Mjomba hakuwa na ndoto nyingine.

Alikuwa na namna yake ya kutafuta ugonjwa. Asubuhi, chuma kikiwa bado cha baridi, aliwasha injini, akaingia chini na brashi ya rangi na kopo la povu la sabuni nililomkorogea mimi. Alilipaka bomba la ekzosi kuanzia kwenye injini kwenda nyuma, taratibu, na pale penye tundu povu likavimba na kupasuka. Tundu lilikuwa kwenye maungio. Akalizungushia bati la kopo la maziwa, akalikaza kwa waya. Halafu akafungua kabureta juu ya gunia, akapuliza kila kitundu kwa mdomo huku akitema petroli, kwa uangalifu wa mtu anayechambua mchele wa harusi.

Lori likanyamaza. Baba alilizunguka mara mbili, akasema, "Sasa hili ni gari." Mjomba alitabasamu siku nzima, hata alipokuwa akila.

Jumamosi yake ilikuwa siku ya kupeleka vyombo vya dada yangu Zena kwa mumewe, Magomeni. Mnajua mambo yetu ya Pwani: kitanda, kabati, masufuria na magodoro vinapakiwa juu vionekane, wanawake wanakaa humohumo na ngoma zao, na njia nzima watu wanahesabu. Safari hii tulikuwa na gari letu wenyewe. Mama alikuwa amejisifia gari hilo wiki nzima kisimani.

Asubuhi ile Mjomba alinipa dumu tulilokuwa tukichotea maji. Akaniambia nilisuuze, nilipindue juani mpaka likauke kabisa, maana anakwenda nalo kuchukua petroli. Nikalisuuza, nikalipindua. Lakini wenzangu walikuwa wanacheza rede nyuma ya nyumba, na zamu yangu ilikuwa imefika. Mjomba alipotoka na baiskeli aliniuliza, "Limekauka?" Nikasema limekauka. Akauliza tena, maana hakuwa mtu wa kubahatisha. Nikajibu, mpira uko mkononi, "Limekauka, Mjomba." Sikuwa hata nimelitazama.

Tulitoka kwa vifijo. Mjomba aliendesha, Baba kando yake, sisi nyuma. Karibu na Keko lori likaanza kushtuka. Likakohoa, likanyamaza, likakohoa tena, kisha ekzosi ikapiga mlipuko mmoja na lile bati la kopo la maziwa likaruka mpaka katikati ya barabara. Moshi ukapanda kwenye magodoro mapya ya dada. Wanawake wakaacha kuimba. Watoto wa Keko wakaja mbio kuangalia, na mmoja akaliokota bati na kulipiga kama ngoma.

Mjomba alifungua kabureta palepale. Alimimina kilichokuwa kwenye kibakuli chake kiganjani, akakitazama muda mrefu. Halafu aliinua macho mpaka juu ya magodoro nilipokaa. Akapangusia mkono kwenye suruali, akamwambia Baba, "Ni mkono wangu, shemeji. Sikufunga vizuri."

Baba hakugomba. Alinyoosha mkono tu. "Nipe funguo, shemeji."

Vyombo vilifika Magomeni kwa mikokoteni mitatu, na shangazi za bwana harusi walicheka wazi. Mimi nilitembea nyuma ya kabati nikimshukuru Mungu kwamba Mjomba hakujua. Niliogopa fimbo, hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu. Gereji haikutajwa tena nyumbani. Wateja wachache aliokuwa nao wakaenda kwa wengine, maana nani ampe gari fundi aliyeaibisha vyombo vya mpwa wake? Mwisho alihamia Mbagala, akawa anaziba pancha za baiskeli.

Mwaka jana jenereta ya duka langu ilizima. Kijana aliyekuja kuitengeneza alimimina kibakuli cha kabureta kiganjani, akaniletea nione. Petroli ilikauka mbele ya macho yangu. Matone mawili matatu yakabaki, yanang'aa. "Maji hayo, mama," akasema. "Fundi yeyote akiyaona anajua."

Nilifunga duka, nikaenda Mbagala. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya gurudumu, mvi zimemjaa. Nikamwamkia, akaitikia kwa furaha, akaniita mwanangu. Nikasema, "Mjomba, lile dumu."

"Najua," akasema.

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na miaka mingapi vile?"

"Kumi."

"Basi. Ningekusimamisha mbele ya wanawake wote wale?" Akarudi kwenye pancha yake, akaniomba nimsogezee beseni la maji.

Nilimsogezea, nikashindwa kumtazama. Siku ile nilikuwa na kumi, ni kweli. Lakini baadaye nilikuwa na kumi na tano, nikawa na ishirini. Nikaolewa, vyombo vyangu vikapelekwa kwa gari la kukodi, na Mjomba akatembea nyuma pamoja na wageni. Nikafika arobaini. Katika umri wote huo dumu nilikuwa nalikumbuka, na mdomo nilikuwa nao. Baba amekufa akiamini kwamba shemeji yake hakuwa fundi.