Siku Niliyopiga Yowe kwa Ajili ya Viazi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka koo linaniwasha. Nilikuwa msichana wa darasa la nane, miaka ile ya hamsini, na nilikuwa na haya kiasi kwamba nikikutana na mtu mzima njiani, shikamoo yangu naisikia mimi peke yangu. Mama alikuwa akiniambia, "Minza, salimia watu, hawakuli." Nilitaka kusalimia. Sauti ndiyo ilikuwa haitoki.

Tulikuwa tumehama kijijini kwetu, upande wa Shinyanga, tukamfuata Baba kwenye mgodi wa dhahabu huko Geita. Baba alifanya kazi chini ya ardhi. Tulipewa chumba kimoja kwenye safu ya vyumba vya kambi, na kila wiki tukapewa posho: unga, maharage, chumvi, na nyama kidogo. Ukisikia neno dhahabu utadhani tulikuwa matajiri. Kijijini nao walidhani hivyohivyo.

Ukweli ni huu. Kambini kulikuwa na duka, na duka lile lilikuwa na mkate, sukari, majani ya chai, sigara na samaki wa kopo. Mwanamume aliyetoka shimoni akiwa mzima alijiona ana haki ya kupita dukani, na mkewe alijiona ana haki ya kuonekana akitoka dukani. Basi mshahara wa Baba ulikuwa haufiki mwisho wa mwezi. Ukikwama, anatuma salamu kijijini kwa kaka yake: uza mbuzi. Mwezi unaofuata, uza mbuzi mwingine. Ninavyokwambia hivi, mbuzi wote wa Baba waliishia ndani ya sukari. Akafuata dume la ng'ombe. Akabaki mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, mwekundu mwenye doa jeupe kifuani, na huyo ndiye aliyewekwa kwa ajili yangu. Mwaka mpya ukiingia auzwe, niende shule ya wasichana, ya bweni, mbali.

Jioni moja Baba alikaa mlangoni akivua viatu, akasema bila kumtazama mtu, "Nadhani na yule mtamba aende tu. Shule Mungu atajua."

Nilikuwa napepeta maharage. Nikaendelea kupepeta yaleyale yaliyokwisha kuwa safi.

Mama hakupandisha sauti. Alisema, "Baba Minza, niachie jiko mpaka mwaka mpya. Wewe leta posho, nunua sabuni na mafuta ya taa, basi. Siku nikija kukuomba hata senti ya mboga, mtamba muuze, wala sitasema neno."

Baba akacheka. "Utalisha watu hewa?"

"Hayo niachie."

"Haya. Lakini siku ukija na mkono umekunjuliwa, usilie."

Wakapeana mikono kama watu wa mnadani. Na mimi, mwanangu, nikajua kwamba shule yangu sasa imo ndani ya chungu cha Mama.

Ulikuwa msimu wa kuchimba viazi vitamu. Mama akaanza kwenda kwa wakulima wa jirani na kambi kuwasaidia kuchimba, naye akalipwa viazi. Akavimenya, akavikata vipande vyembamba, akavianika juu ya jabali kubwa lililokuwa mlimani nyuma ya kambi, jabali pana kama uwanja. Hiyo ndiyo michembe. Ikikauka vizuri inagonga kama vijiti, na ukiihifadhi pakavu inakaa mpaka mvua zipite. Akachuma majani ya kunde akayakausha yawe nsansa, mboga ya miezi ambayo mboga hakuna. Maharage aliyaloweka tangu usiku ili yasile kuni. Mche wa sabuni aliukata vipande akaviacha juani vikakauka, maana sabuni mbichi huyeyuka mkononi ukiitazama. Makaa aliyafunika kwa majivu kila tulipomaliza kupika, hata kiberiti kikawa kama pambo la nyumba.

Wanawake wa kambi waliona. Jirani yetu wa karibu alikuwa Mama Asha, mtu wa Tabora, mcheshi, mwenye mdomo usiopumzika. Tukipita na ungo wa viazi anasema kwa sauti ya watu wote, "Jamani, mume anachimba dhahabu, mke anachimba viazi! Hiyo nyumba kila mtu na jembe lake!"

Wenzake wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mimi najificha nyuma ya ungo. Mama anatembea tu, lakini shingo yake naiona imekaza.

Sasa nitakwambia jambo ambalo Mama mwenyewe alilisimulia baadaye kwa kinywa chake, kwa hiyo simsengenyi. Kubana kule kulianza kumbana na yeye moyo. Alianza kufunga mlango akipakua chakula. Mtu akibisha hodi, kwanza chungu kinafunikwa ndipo anajibiwa karibu. Asubuhi moja Asha mdogo alikuja na kigae kuomba kaa la moto. Unajua kwetu moto haunyimwi mtu. Mama akamwambia, "Wetu umezimika, mwanangu." Na moshi ulikuwa unapanda nyuma yake. Mtoto akautazama moshi, akamtazama Mama, akaondoka na kigae chake kitupu.

Nilitaka kumfuata. Nilisimama tu.

Mchana wa siku hiyohiyo Mama alimbeba mdogo wangu mgongoni akaenda naye zahanati, maana alikuwa anaharisha. Aliniachia kazi moja: kulinda viazi. Jabali zima lilikuwa jeupe. Viazi vya bondeni huchelewa kuchimbwa, na hivyo vilikuwa vya mwisho na vingi kuliko vyote. Hicho ndicho chakula alichotegemea kituvushe mpaka Januari. Vilikuwa vimebakiza jua la siku moja.

Mvua za vuli zilikuwa hazijatarajiwa bado. Lakini nilipoinua macho, upande wa ziwani mbingu ilikuwa imegeuka rangi ya chungu kilichoungua, na upepo ukanipiga na harufu ya udongo mbichi. Nikaanza kuzoa viazi kwa mikono miwili. Nikajaza ungo mmoja, nikatazama jabali. Ni kama sikugusa kitu. Michembe ikinyeshewa inakuwa myeusi, inaota ukungu, inakuwa chungu hata nguruwe anaikataa. Nikamwona yule mtamba anaswagwa kwenda mnadani na chakula cha miezi kikinunuliwa kwa bei yake.

Kule chini, kwenye safu za vyumba, wanawake walikuwa wanasukana. Nikaita, "Mama Asha!" Sauti ilitoka kama ya kifaranga. Hakuna aliyegeuka. Na kusema kweli sikujua kama wangekuja hata wakinisikia. Nilikikumbuka kile kigae kitupu.

Basi, mwanangu, nikafanya jambo ambalo Msukuma hafanyi ovyo. Nikapiga mwano.

Mwano ni yowe la hatari. Unapigwa fisi akiingia zizini, ng'ombe wakiibwa, nyumba ikiwaka moto. Ukiusikia unaacha kila kitu unakimbia, na asiyekimbia hulipa faini. Na anayeupiga bila sababu naye hulipa. Mimi, msichana asiyeweza hata kutoa shikamoo, nilijaza kifua nikapiga mwano mpaka nikaona nyota. Sikujua kama ndani yangu mna kitu kama kile. Jabali likaurudisha, bonde likaupokea.

Walikuja! Walipanda ule mlima na mipini ya majembe, na michi ya kutwangia. Mama Asha alikuwa mbele, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, mkononi ana mwiko wenye ugali.

"Yuko wapi?" akafoka akihema.

"Nani?"

"Fisi!"

Nikasema, "Si fisi. Ni... mvua inakuja. Viazi vya Mama."

Mama Asha akautazama mwiko wake, akanitazama mimi.

"Toto hili," akasema polepole, "toto hili ambalo hata salamu linaimeza! Leo ndiyo limepata koo? La viazi?"

Mmoja akaanza kucheka, wakafuata wote, mpaka machozi. Mimi nililia machozi ya namna nyingine. Ndipo akafika Bibi Holo, mzee kuliko wote pale kambini, mama yake nyapara, akijikongoja na fimbo. Alitazama mbingu mara moja tu.

"Chekeni huku mikono inafanya kazi," akasema. "Vueni kanga."

Walizivua kanga za kujifunika wakazitandaza. Wakazoa wakiinama kama watu wanaolima kwa mbina, yaani kwa ngoma, wakitaniana, "Wewe usile vibichi!" na "Zoa, dada, hiyo ndiyo dhahabu yetu!" Matone ya kwanza yalitupata tukishuka na mizigo kichwani. Nyumba ya karibu ilikuwa ya Mama Asha. Tukamwaga vyote mle ndani, juu ya mkeka, juu ya kitanda, kila mahali. Kisha mvua ikashuka kama imetumwa.

Mama alirudi akiwa ameloa, mtoto kamfunika kwa kanga yake. Hakupitia nyumbani. Alikimbia moja kwa moja jabalini. Nilimfuata nikamkuta amesimama juu ya jiwe tupu linalotiririka maji. Alidhani vimesombwa. Nilishindwa kueleza, nikamshika mkono tu nikamvuta mpaka kwa Mama Asha.

Aliingia akaona viazi vyake kitandani kwa mtu, na wale wanawake wamekaa pembezoni, wameloa, hawana pa kuweka miguu.

Bibi Holo alikuwa amekaa kwenye kigoda. Alimwambia, na mimi maneno yale sijayaacha mpaka leo: "Mama Minza, kuweka akiba unajua, sikufundishi. Lakini umeanza kuwaweka watu nje ya akiba yako. Sasa nikuulize, bila hawa, leo ungekuwa na nini? Kunja mkono ukiwa dukani. Ukiwa mlangoni kwako, kunjua."

Mama akapiga magoti mbele ya Mama Asha. "Asubuhi moto ulikuwepo," akasema. "Nilimdanganya mtoto."

"Najua, moshi ulituletea salamu," Mama Asha akajibu. "Inuka bwana, mtoto ameloa huyo. Ila hivi viazi vikilala kitandani kwangu nitavitoza kodi, nisikufiche."

Wakacheka, na Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi.

"Na faini ya mwano?" akauliza mwingine. "Watu tumepanda mlima kupigana na fisi!"

Bibi Holo akaamua palepale: faini iliwe. Tukahamia chumbani kwetu, Mama akapika michembe kutoka kwenye ile iliyokwisha kukauka, akaiponda na karanga alizolipwa kwa kibarua. Baba alitoka zamu akakuta chumba chake kimejaa wanawake wa wenzake wa shimoni, kila mmoja na bakuli, na wale waliokuwa wakicheka ndio wanaouliza kipande kikatwe unene gani. Akasimama mlangoni na taa yake mkononi.

"Mmenibakizia?" akauliza.

Tangu hapo jabali lile halikuwa letu peke yetu. Wanawake walianika pamoja, wakapokezana kulinda, mmoja akienda kuteka maji mwingine anatazama mbingu. Michembe ya Mama ilikauka kwa jua lililofuata. Miezi ikapita, mlango wetu ukiwa wazi wakati wa kula, na hakuna siku Mama alikwenda kwa Baba na mkono uliokunjuliwa. Mwaka ulipoingia Baba alikwenda kijijini mwenyewe, akamuuza mtamba, akanipeleka shule kwa miguu yake mpaka getini. Njiani alinunua mkate mmoja tu, tukaugawana, akaniambia nile polepole. Alikuwa mtu wa maneno machache na siku ile nilimwona akijifuta macho kwa ukosi wa shati.

Sasa sikia, mwanangu, maana umeanza nyumba yako na nimeona unavyorudi na mifuko ya dukani. Sikukatazi kula vizuri. Nakuomba ujue kila mwezi nyumba yako inakula nini hasa, kwa sababu mbuzi wa Baba hawakuondoka kwa siku moja. Waliondoka vijiko viwili viwili. Nunua kitu msimu wake kikiwa kingi, kikaushe, kiweke. Loweka maharage, funika chungu, sabuni ikaushe ndipo uitumie, hayo wala hayahitaji usomi. Usione haya wanaokucheka wakikuona unabana. Wengi wanacheka kwa sababu na wao kwao hapatoshi. Na akiba yako iwe na jina, ujue unamwekea nani na kwa nini, maana iliyowekwa bila jina huliwa upesi.

Lakini usije ukabana mpaka ukamfungia jirani mlango. Akija kuomba chumvi, mpe, hata kama juzi alikusema. Na ukizidiwa ita. Piga kelele, usife na haya zako. Mimi haya zangu ninazo mpaka leo, lakini najua zinapoishia.

Nenda sasa, mumeo atakuwa amerudi. Mungu akujalie nyumba isiyolala njaa, watoto watakaosoma kuliko mimi, na majirani watakaopanda mlima wakikusikia. Kinachoingia mkononi mwako kikae, na kinachotoka kitoke kwa heri.