Dobi Aliyemsubiri Mwenzake

Ukitaka shati lako lirudi na mikunjo, mpelekee dobi wetu siku ya milimani. Siku nyingine zote alikuwa hodari, hana mpinzani, lakini ile televisheni ya juu ya rafu ikionyesha mashindano makubwa ya baiskeli, na njia ikaanza kupanda, basi tena! Dobi anabaki kasimama, pasi hewani, mdomo wazi, na nguo za watu zinamngoja.

Hakupenda mbio tu, alipenda adabu yake. "Wewe tazama," angekuambia, hata kama umefuata suruali yako tu. "Anayeongoza akianguka, wenzake wanapunguza mwendo mpaka ainuke. Hata akisimama kando kukojoa, hawamkimbii! Hakuna aliyewaandikia sheria hiyo, ni uungwana tu. Kumpita mtu aliye chini ni wizi, si ushindi."

Aliyemsikiliza kuliko wote ni fundi saa wa mlango wa pili, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Walikuwa chanda na pete mpaka mjane mmoja mchangamfu alipofungua duka la vifungo na uzi ng'ambo ya barabara, tukamwita Mama Vifungo. Jamani, hapo wakapatikana wote wawili! Dobi, ambaye naye alifiwa na mkewe zamani, akawa ananunua vifungo kila siku ya Mungu, utadhani mji mzima unapasua mashati. Fundi saa, kapera tangu azaliwe, akawa hakosi kwenda kutibu saa ya ukutani isiyoumwa chochote. Kila mmoja aliijua safari ya mwenzake, na walitaniana bila kinyongo.

Siku moja fundi saa akapanda kutundika saa ya shule. Mpanda ngazi hushuka, ila yeye alishuka kwa mkupuo mmoja. Mguu ukavunjika, akafungwa plasta na kulazwa nyumbani.

Wewe ungefanyaje? Ungevaa shati jeupe ukavuka barabara, au sivyo? Thubutu! Dobi alikata mguu kabisa kwa Mama Vifungo. Vifungo hanunui, salamu hatoi, na akipita nje anashika upande wake huku macho kayainamisha kama mdaiwa.

Dada yake mkubwa, aliyekuwa akimletea chakula cha mchana, akamjia mbio. "We kaka, una habari? Mama Vifungo anahama! Binti yake anamtaka akaishi naye, na tiketi ya basi keshamtumia."

Dobi akaiweka pasi chini. Alimpenda yule mama, tusifichane, alimpenda mpaka usingizi ulikuwa shida. Lakini akasema, "Dada, mwenzangu yuko chini. Siwezi kumpita."

"Aliye chini ni huyo fundi wako! Mwanamke yuko wima na anaondoka! Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako."

"Niache, dada."

Dada akamwachia sahani yake akaenda zake, akinung'unika kwamba wazazi wao walizaa watoto wawili lakini akili aligawiwa mmoja tu.

Mama Vifungo naye, muungwana, hakutaka kuondoka bila kumuaga mgonjwa. Fundi saa, kwa kutaka kumsifu rafiki yake, akamwaga yote. "Usimwone kimya, bibie. Ananisubiri mimi nipone. Na kwa kuwa amenisubiri, nikisimama nitamwachia avuke mstari kwanza. Ndiyo adabu ya mbio!" Akatabasamu, akingoja pongezi.

Pongezi hakupata. Mama Vifungo alishuka barabarani kwa kishindo, akaingia kwa dobi bila hodi, tiketi mkononi. Kwenye televisheni wanaume wawili walikuwa wakikokotana mlimani.

"Baba we, mimi ni kombe?"

"La hasha, mama."

"Ni mlima?"

"Hapana."

"Basi nani kawaambia mpeane zamu? Nakaa dukani natazama huku, najiuliza nimemkosea nini huyu baba, kumbe mabwana mnasubiriana! Kuna aliyeniuliza mimi? Huyo fundi wako ni mtu mzuri, lakini saa yangu haikuwa mbovu, na nilimwambia tangu siku ya kwanza!"

Moshi ukaanza kupanda mezani. "Shati linaungua," akasema Mama Vifungo.

"Liungue," akasema Dobi, neno ambalo hajalitamka tangu ashike pasi. Kisha akajikaza. "Uungwana ulikuwa nusu. Nusu nyingine niliogopa utanikataa."

Mama Vifungo akainua tiketi. "Hii ni ya kesho asubuhi. Nisipopanda, nitakuwa nimebaki kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yangu."

"Sikusikii, televisheni inapiga kelele."

"Kwa ajili yangu mimi!" Dobi alipaza sauti mpaka wapita njia wakasimama, na mmoja akapiga vigelegele bila hata kujua kuna nini.

Mama Vifungo akacheka, machozi yakamtoka, akaichana tiketi katikati. Akaondoa pasi juu ya shati la watu, akavuta kigoda, akakaa akiikabili televisheni.

"Haya, nifundishe. Huyu aliyetangulia ni nani?"

Dobi akatazama juu. Hakumjua. Mwisho wa mlima ulikuwa umepita, na yeye hakuwa ameuona.