Jumatano ya Watu wa Pombe

Tuliporudi zahanati kutoka mafunzo ya Nakuru ya kuwatibu wanaoacha pombe, mimi muuguzi na mwenzangu afisa wa kliniki, tulifanya kama tunavyofanya na kila huduma mpya: tuliipa siku yake. Jumatatu wajawazito, Jumanne sukari na presha, Alhamisi chanjo. Jumatano ilikuwa wazi. Tukabandika karatasi mlangoni: Jumatano, watu wa pombe.

Jumatano ya kwanza hakuja mtu. Nilipanga dawa, nikazipangua, nikatoka nje, nikarudi. Ndipo nikamwona mwanamume mmoja ng'ambo ya barabara, mikono mfukoni. Nilimjua. Hunyunyiza dawa kwenye shamba la maua upande wa Karagita, na jana yake mkewe alikuwa ameniambia dukani, kwa furaha, kwamba mzee ameacha pombe ghafla. Mimi sikufurahi. Nakuru tulielezwa wazi: anayekunywa kila siku akiacha mara moja anaweza kupatwa na degedege, na akafa. Dawa ya kuzuia hayo ilikuwa mezani kwangu.

Akaanza kuvuka. Mwendesha boda mmoja akapaza sauti, "Boss, kumbe hata wewe ni wa Jumatano?"

Wenzake wakacheka. Akacheka nao, akageuka, akaenda zake.

Nikampigia mkewe. "Amekataa kabisa," alisema. "Anasema afadhali afie nyumbani."

"Basi kesho aje na mtoto, kwa chanjo. Lakini akianza kuchanganyikiwa usiku, usingoje. Mlete hospitali."

Usiku huo niliitazama simu zaidi kuliko nilivyolala.

Alhamisi asubuhi benchi lilijaa akina mama. Nilikuwa nimechungulia dirishani mara nyingi alipotokea, kitinda mimba wake kifuani, jasho usoni ingawa kulikuwa na baridi.

"Haiya, leo baba ndiye ameleta mtoto!" mama mmoja akasema. "Na mbona unatetemeka? Unaogopa sindano kuliko huyo mdogo?"

Benchi zima likacheka. Naye akacheka, lakini safari hii akaketi.

Nilimchanja mtoto kwanza. Kisha nikafunga mlango, nikamuuliza baba polepole alikunywa lini mara ya mwisho. Alinijibu bila kunificha. Kidonge cha kwanza alikimeza mbele yangu, kikombe kikigonga meno.

Nilipofungua mlango, mwenzangu alikuwa akiibandua ile karatasi ya Jumatano kwa kucha.