Mto Uliosomwa Sebuleni

Baba alinunua kompyuta kuukuu kutoka ofisi moja ya Nairobi iliyokuwa ikihama, akaiweka sebuleni na kuifunika kitambaa alichofuma mama. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Tulikuwa tumepanga Kitengela, nami nilikuwa nikisomea shahada ya pili.

Kazi yangu ya shahada ilikuwa kuifundisha mashine ile tabia ya mto uliopita karibu nasi. Niliingiza vipimo vya zamani, vya mvua ya upande wa Ngong na vya kina cha maji huku kwetu, ili ijifunze yenyewe mvua gani huleta maji gani, kisha itabiri ya kesho. Siku nyingine ilikaribia ukweli. Siku nyingine iliropoka tu.

Baba, karani mstaafu kutoka Kakamega, alipenda kukaa nyuma yangu akitazama. Alitangaza utabiri wa mashine kanisani na madukani. Nilimsihi aache, nikamwambia bado inajifunza. Akacheka, akasema hata mtoto anayejifunza kuongea husikilizwa kwao.

Siku moja nikiwa chuoni, jirani yetu alikuja kuuliza. Alikuwa mama wa kutoka Garissa, mwenye duka mkabala na geti letu, na aliuza mbuzi pia. Kaka yake alikuwa akiwaswaga mbuzi kutoka soko la Bissil. Je, avukie kwenye mawe karibu na machimbo, au azunguke hadi darajani? Baba aliwasha mashine, akabonyeza kama alivyoniona nikibonyeza, akasoma: maji haba. Zilikuwa hesabu za kiangazi kilichopita, nilizoziacha humo nikiijaribu. Hakuna kilichomwonyesha hivyo.

Niliporudi jioni, mama alinipokea mlangoni na kuninong'oneza kwamba yule kaka alipokuwa akivukia kwenye mawe mto ulifurika ghafla, ukabeba mbuzi wengi, naye akaokolewa na wachimba mawe. Baba alikuwa ameketi sebuleni, bado amevaa koti lake.

"Mama," aliniita, maana nina jina la mama yake, "nilisoma vibaya?"

Nilimweleza. Alisikiliza kama mwanafunzi aliyechapwa mbele ya darasa. Kisha akainuka, nami nikamfuata hadi kwa jirani.

Alivua kofia tangu nje. Nilianza kusema kwamba mashine ni yangu, na hesabu zile niliziacha mimi. Yule mama alitukatiza, akatukaribisha chai ya maziwa ya ngamia. Kaka yake alikuwa ameketi mkekani kwa nguo za kuazima, akatusalimia kwa heshima. Afadhali angetutukana.

"Mzee, mali hutafutwa tena," yule mama alisema. "Ndugu yangu niko naye. Lakini maneno ya hiyo mashine, tafadhali, usimwambie mtu mwingine."

Baba aliitikia kwa kichwa. Uso ulinichoma hadi masikioni.

Kazi yangu ilipita, tena kwa sifa. Siku ya mahafali, mgeni mmoja wa kanisani alimuuliza baba binti yake alisomea nini hasa. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwao, joho likiniwasha shingoni. Baba alinitazama, kisha akainamisha macho.

"Mambo ya hesabu," alisema, akaenda kuwatafutia watu viti.