Mjomba Alipojitenga na Serikali

Mjomba wangu, kaka wa marehemu mama yangu, alijitenga na Kenya Jumapili moja baada ya ibada, kwa kukitumbukiza kitambulisho chake katika choo cha shimo. Mashahidi walikuwa watatu, wote wazee wa kanisa kama yeye. Kuanzia siku hiyo, kwa mujibu wake, kijiji chetu cha Mwakirunge kikawa nchi nyingine, ingawa majirani hawakuarifiwa.

Siwezi kusema hakuwa na sababu. Serikali iliikumbuka Mwakirunge kila siku iendayo kwa Mungu: ilituletea malori ya taka za mji mzima. Babu alizaliwa pale, akapanda minazi pale, akazikwa pale, na katika karatasi za wakubwa alikufa akiwa skwota, mvamizi wa ardhi ya wenyewe. Kila uchaguzi alikuja mheshimiwa, akala wali wetu, akaapa kwamba hati za mashamba zi njiani, akaondoka kwenda kuzitafuta. Miaka mitano baadaye alirudi na njaa ileile.

Mimi nilikuwa upande wa subira. Nilikuwa nimepanga chumba mjini, Bombolulu, na mume wangu, na kila uchaguzi niliajiriwa kuwa karani, kazi yangu kuwachovya watu vidole kwenye wino. Kwa hiyo nilijiona mwenye nchi. Nilimwambia mjomba kwamba mvumilivu hula mbivu. Akanijibu kwamba mbivu zimeshaliwa, sisi tumeachiwa kuvumilia. Nikamuuliza, katika nchi yake mpya, nani atakuwa waziri wa maji, maana mfereji wetu ulikuwa haujawahi kutoa kitu ila upepo. Akasema hilo litaamuliwa baadaye. Nikamwambia hongera, ameshaanza kuongea kama waziri.

Basi likatokea jambo ambalo sote wawili hatukujiandaa nalo: serikali ikatimiza ahadi. Wapimaji walikuja na vigingi vyao wakapima mashamba, kisha ikatangazwa kwamba kila mkaazi apeleke kitambulisho kwa chifu ili aandikishwe. Asiyekuwa nacho, shamba lake litahesabiwa kuwa halina mtu. Mjomba hakuwa na kitu kingine duniani. Mkewe alikuwa amezikwa nyuma ya jiko, Mungu hakuwajaalia mtoto, na alichobakiwa nacho ni nyumba ile na minazi kumi na mmoja.

Nilimsindikiza kituo cha polisi, kwa sababu kitambulisho kipya hakitolewi bila barua kwamba cha kwanza kimepotea. Njiani nilimfundisha la kusema. Askari, mtu mpole kabisa, akamuuliza kimepotelea wapi. Mjomba akakohoa, akasema hakijapotea, anajua kilipo. Nilimfinya. Askari akafurahi, akamwambia kama anajua kilipo basi akakichukue.

Nilirudi nyumbani nimefura. Nilimwambia neno ni moja tu, "kimepotea", na hata watoto wa shule hulisema kila siku kuhusu kalamu. Akasema yeye ni mzee wa kanisa, hawezi kutoa ushahidi wa uongo, tena mbele ya serikali asiyoitambua. Na ukweli je? Ukweli ungemlaza ndani. Mtu aliyekuwa tayari kuvunja nchi nzima hakuwa tayari kuvunja amri ya tisa.

Siku mbili kabla ya orodha kufungwa aliniita mbele ya wale wazee watatu. Kwetu shamba hufuata ukoo wa baba. Mtoto wa dada ni mgeni wa heshima. Atakaribishwa ale ashibe, lakini hataulizwa habari za mipaka. Siku hiyo mjomba alinionyesha mipaka yote, mnazi kwa mnazi, akaniomba niandikishe shamba kwa jina langu, njia ikipatikana nimrudishie. Wazee waliangalia chini. Alikuwa ameniteua kuwa mwakilishi wake bila kampeni, na mimi sikuwa nimempa hata leso ya kuombea kura.

Hati ilitoka. Niliiweka kabatini, chini ya mashuka. Mjomba akaanza kuja Bombolulu kila Jumamosi, amevaa shati lake la kanisani, kuulizia kama njia ya kumrudishia imepatikana. Mara ya kwanza nilimweleza kwa kirefu. Mara ya tatu nilimwambia mambo yanaendelea. Mara ya tano nilimwambia tuwe na subira, na niseme kweli, neno hilo ni tamu sana mdomoni mwa anayengojewa. Sikuwa nimekwenda ofisi yoyote. Nilikuwa na shughuli, kama waheshimiwa wote.

Halafu mume wangu akasema pale Mwakirunge pangefaa vyumba vya kupangisha. Nilimkemea vikali. Nilimwambia ile ni amana, na mzee bado anaishi mle. Kisha nikamuuliza vingetosha vingapi.

Jumamosi iliyofuata mjomba alikuta mchoro mezani. Ulikuwa umechorwa kwa penseli: vyumba sita, choo, na mahali pa kuanikia nguo palipoangukia nyuma ya jiko lake. Nilichelewa kuuficha. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi, akautazama kwa muda mrefu kama anayesoma tangazo la chifu. Nilimngoja anitukane. Nilikuwa hata nimeshaandaa jibu, kwamba ni mipango tu, hakuna lililoamuliwa.

Hakutukana. Aliweka kidole pale pa kuanikia nguo.

"Serikali niliweza kujitenga nayo, mwanangu," akasema. "Wewe ni mtoto wa dada yangu. Nitajitenga nawe vipi?"

Niliona haya ambayo sijawahi kuiona, hata mbele ya mama yangu. Nilimtilia chai. Nilitaka kumwambia jambo, na neno pekee lililonijia ni lile la subira nililokuwa nikimpa kila Jumamosi, na safari hii halikutoka.